Unaendelea, Anaendelea

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa kazi ya nyumbani: tuandike maneno kumi yenye maana iliyo kinyume cha "improve". Kamusi nyumbani hatukuwa nayo. Nilikwenda kuazima kwa jirani aliyekuwa karani, nikakaa barazani kwake hadi magharibi nikinakili: "worsen", "deteriorate", "decline", "degenerate", "decay", "relapse", "aggravate", "exacerbate", "wane". La kumi niliandika "collapse". Nikapata tisa. Mwalimu alikata la kumi kwa wino mwekundu, akaniambia kuanguka ni mara moja, sisi tunatafuta maneno ya kidogo kidogo.

Yale tisa nikayapenda kweli kweli. Yalikuwa marefu, yalikuwa na sauti ya watu waliosoma. Baadaye sana, nilipoanza kazi ya kufasiri, nilikuja kujua mengi kati yake yametoka Kilatini, na ndani ya kila moja mna picha. "Aggravate" ni kuongeza uzito, kama vile mtu kabeba gunia halafu wewe unamtwisha jingine. "Relapse" ni kuteleza na kurudi ulikotoka. "Decay" ni kuporomoka. "Exacerbate" imebeba ukali wa kitu kichungu, na hilo halikunishangaza, maana hata sisi tukiona ugomvi umepamba moto husema mambo yamechacha.

Kiswahili nacho si maskini katika hili. Biashara hudorora, nguo huchakaa, rangi huchuja, sauti hufifia, chombo hudidimia, uchumi huzorota. Na binadamu akiwa kitandani, hali ikibadilika, tunasema amezidiwa. Sijaona neno la Kiingereza linalolifikia hili. Ukisema "deteriorate", mgonjwa anaharibika peke yake, kama ukuta wenye unyevu. Ukisema amezidiwa, umekiri kwamba kulikuwa na mapambano, na kwamba upande wa pili ndio wenye nguvu kwa sasa.

Nayaeleza haya yote kwa sababu siku nilipoyahitaji, hakuna hata moja nililolitumia.

Baba alikuwa akiumwa figo. Daktari alizungumza naye kwa Kiswahili kizuri tu, lakini karatasi tuliyorudi nayo nyumbani iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya karatasi za hospitali zetu. Mama aliniita jikoni, akafuta mikono kwenye kanga, akanipa.

"Hebu nisomee, mwanangu. Wameandikaje?"

Nilitafuta yale maneno yangu tisa. Hayakuwemo. Palikuwa na "progressive" na chini yake "advanced". Yaani, mtu asiyejua angedhani anasoma taarifa ya shule: mwanafunzi kasonga mbele, kafika ngazi ya juu. Lakini katika lugha ya madaktari, "progressive" ni ugonjwa unaopiga hatua. Neno lenyewe asili yake ni kwenda mbele. Halisemi ni nani anayekwenda. Ugonjwa ukienda mbele, mwenye mwili anarudi nyuma.

Nikamwambia Mama, "Wanasema ugonjwa unaendelea."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Anaendelea."

Herufi moja tu. Mimi nilisema u, ugonjwa. Yeye akasikia a, mume wake. Na katika Kiswahili chetu, mgonjwa akisemwa anaendelea, hakuna anayeuliza anaendelea vipi. Ni vizuri, basi.

Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba sikuona tofauti ile pale pale. Niliiona. Ilinichukua kama sekunde moja. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana Mama, sikusema hivyo." Lakini nilimwona anavyogeuka kwenye sufuria, mabega yameshuka, na anaanza kuimba kwa chini chini kama zamani. Nikaikunja ile karatasi. Nikajiambia kwamba sikudanganya, kwa kuwa nilichotamka kilikuwa tafsiri sahihi. Mpaka leo nikiisahihisha kama kazi ya mtu mwingine, naipa alama zote.

Jioni ile Mama alimpigia shangazi yetu Pemba. Shangazi alikuwa amepanga kuja na meli ya wiki ile. "Wifi, usijisumbue," Mama akamwambia, "kaka yako anaendelea. Maliza kuchuma karafuu zako kwanza." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale mkekani, nasikia.

Shangazi alifika baada ya wiki tano. Baba alikuwa bado hai, lakini hakuwa tena mtu wa kuzungumza naye. Shangazi alimshika mkono siku mbili, akimwita kwa jina la utotoni ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia. Siku ya tatu tukazika.

Baada ya hitima aliniita pembeni. Hakugomba. Alisema, "Mngeniambia amezidiwa, ningepanda hata ngalawa."

Nilimweleza habari ya karatasi, "progressive" na Kilatini chake, u na a. Maneno yalinitoka mengi. Alinisikiliza hadi mwisho kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza kwa nini kavunja chungu, kisha akasema, "Sasa wewe si ndiye uliyesoma?"

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku zote nilidhani methali ile inamhusu mgonjwa mwenyewe.

Mama sikumwambia kwa muda mrefu. Nilipomwambia, miaka miwili baadaye, alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Halafu akasema kwamba na yeye usiku ule alijiuliza mbona sauti yangu ilikuwa ndogo, akaamua kutouliza. Kwa hiyo tulikuwa wawili. Sijui kama hilo linanipunguzia kitu.

Siku hizi yeye ndiye mwenye kliniki. Ana presha. Mwezi uliopita alirudi na kikaratasi chake, akanikabidhi kabla hata hajavua viatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Soma hapo. Na sitaki hadithi ya anaendelea. Imepanda au imeshuka?"

Nikasoma mara mbili.

"Imepanda, Mama."

"Imepanda sana?"

"Kuliko mwezi ule. Dawa wamezibadilisha."

"Haya," akasema, akakaa kitini na kuanza kufungua viatu. "Mpigie shangazi yako umwambie. Hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."