Kiwavi Mmoja Mgonjwa

Mwanafunzi, umekwisha kujifunza kwamba kipepeo hupitia hatua nne katika maisha yake: yai, kiwavi, pupa na kipepeo kamili. Hatua hizo ni rahisi kuzikariri. Kuziona kwa macho yako mwenyewe ni kazi nyingine, kwa kuwa viwavi, kama walivyo kuku na ng'ombe, huugua, na wengi hufa kabla ya kuota mabawa. Katika habari hii nitakueleza jinsi nilivyofuga viwavi nilipokuwa darasa la tano, jinsi maradhi yalivyowamaliza, na mambo niliyojifunza.

Nilikulia Ndalambo, karibu na mpaka wa Tanzania na Zambia. Wakati ule kijiji chetu kilikuwa katika Mkoa wa Mbeya; tangu mwaka 2016 kimo katika Mkoa wa Songwe, Wilaya ya Momba. Kando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa huota mmea ambao huenda nawe unaufahamu. Majani yake ni membamba, na ukilikata moja hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Matunda yake yamevimba kama vibofu vilivyojaa hewa, na ndani yake mna mbegu zenye nyuzi laini zinazopeperushwa na upepo. Utomvu ule una sumu. Ukiushika, nawa mikono kwa sabuni, wala usijifikiche macho.

Juu ya mmea huo hutaga kipepeo mwenye mabawa ya rangi ya chungwa, ambayo ncha zake ni nyeusi zenye madoa meupe. Jina lake la kisayansi ni Danaus chrysippus. Jike hutaga mayai yake moja moja, mara nyingi chini ya jani. Kiwavi anayetoka ana mistari myeusi na myeupe, madoa ya manjano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni zinazofanana na pembe. Hula majani yenye sumu bila kudhurika, na sumu hiyo huweza kubaki mwilini mwake hata awapo kipepeo. Kwa sababu hiyo ndege wengi humwacha, naye huruka polepole kama mtu asiye na haraka.

Siku moja mwalimu wetu wa sayansi alituagiza kila mmoja afuge viwavi nyumbani, aandike kila siku aliyoyaona, kisha alete kipepeo darasani. Mimi nilitaka kuwapita wenzangu wote. Nilikusanya viwavi kumi na wawili, nikawatia wote katika kopo moja la bati, nikatoboa kifuniko kwa msumari ili wapate hewa. Kila asubuhi niliwatupia majani mabichi juu ya yale ya jana. Kinyesi chao kilirundikana chini, na ndani ya kifuniko yakaganda matone ya maji. Sikujali. Mbona walikuwa wakila na kunenepa?

Siku ya tano niliona kiwavi mmoja hali. Alikuwa mkubwa kuliko wote. Mwili wake ulilegea, na nilipomgusa kwa ncha ya unyasi hakujikunja.

Bibi yangu alikuwa mfugaji wa kuku. Kuku akisinzia na kushusha mabawa, Bibi hakungoja kuche; alimtenga papo hapo, kwa maana aliwahi kupoteza banda zima kwa kideri. Alipochungulia ndani ya kopo aliniambia, "Mjukuu wangu, huyo mtoe. Ugonjwa haubishi hodi."

Nilimjibu, "Bibi, huyu ndiye mkubwa wao. Nikimtoa atakufa. Acha nimwuguze."

Bibi alinitazama, asiseme neno. Nami nilichagua jani laini kuliko yote, nikamlaza yule mgonjwa katikati ya wenzake, nikidhani ninamtendea wema.

Kesho yake nilimkuta amekufa. Alikuwa mweusi, ananing'inia kichwa chini, na maji ya rangi ya matope yakimtoka na kudondokea majani. Wenzake walikuwa wakipita juu ya majani yale yale na kuyala. Siku ya saba walikufa wawili. Siku ya nane walikufa wanne. Siku ya kumi kopo lilitoa harufu mbaya, na sikubakiwa na kiwavi hata mmoja.

Nilikwenda shuleni na daftari tu. Niliona haya, nikafikiri nitaadhibiwa. Mwalimu alilisoma daftari langu mpaka mwisho, kisha akasema, "Umeandika siku ya kila kifo. Hii nayo ni sayansi. Sasa tutafute sababu." Akamwita mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja. Yeye alifuga viwavi watano tu, ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa kipande cha chandarua, na kila siku alikung'uta kinyesi na majani makavu. Viwavi wake wote walikuwa hai. Majani tuliyachuma mahali pamoja, na hali ya hewa ilikuwa ile ile. Hapo nilianza kuelewa.

Ni nini huwaua viwavi? Kiwavi anapolegea, akawa mweusi na kuning'inia kichwa chini, mara nyingi huwa ameshikwa na maradhi yanayoletwa na virusi au bakteria. Virusi huingia mwilini pamoja na chakula. Huongezeka humo kwa wingi mno, hata nyama za mwili huyeyuka. Ngozi ikipasuka, maji yenye virusi humwagika juu ya majani, na kiwavi mwingine akiyala majani hayo huambukizwa. Mahali penye viwavi wengi, joto na unyevu, maradhi huenea upesi. Kopo langu lilikuwa na yote hayo.

Virusi vya namna hii huwashambulia pia viwavijeshi, wale wanaoharibu mahindi, mtama na malisho. Hapa Tanzania wataalamu wamewahi kujaribu kunyunyizia virusi hivyo ili kupunguza viwavijeshi bila kutumia sumu za kemikali. Waona basi kwamba ugonjwa ule ule ulio adui wa mfugaji wa viwavi waweza kuwa rafiki wa mkulima.

Yako maradhi mengine ambayo mama huwarithisha watoto wake. Huko Marekani yuko kipepeo aitwaye monaki, ambaye ni wa jamii moja na huyu wetu. Katika miaka ya 1960, katika jimbo la Florida, wanasayansi waligundua kimelea anayeishi mwilini mwa monaki. Kipepeo mgonjwa hubeba juu ya magamba ya tumbo lake chembe nyingi ndogo sana za kimelea huyo, ziitwazo spora. Anapotaga, spora hudondokea mayai na majani. Kiwavi anayeanguliwa hula ganda la yai, na hapo humeza spora pia. Huendelea kula na kukua kama mzima, lakini akiugua sana, hutoka katika pupa na mabawa yaliyokunjamana, asiweze kuruka.

Njia ya kupambana na maradhi yanayotoka kwa mama ilionyeshwa zamani na mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur. Mwaka 1865 serikali ya nchi yake ilimtuma kusini mwa Ufaransa, ambako viwavi wa hariri walikuwa wakifa kwa wingi na wafugaji wakifilisika. Pasteur alishauri kila nondo jike atage mayai yake peke yake. Baada ya kutaga, nondo huyo alisagwa na kuchunguzwa kwa hadubini. Vikionekana vijidudu vya ugonjwa, mayai yake yote yaliteketezwa. Visipoonekana, mayai yalitunzwa. Hivyo wafugaji waliweza kuanza tena na viwavi wazima. Pasteur hakuwa na dawa ya kumponya kiwavi mgonjwa. Alichofanya ni kuwatenga wazima mbali na wagonjwa, jambo ambalo Bibi alilitenda katika banda lake la kuku.

Nilijaribu mara ya pili. Safari hii nilichukua viwavi tisa wadogo, nikawagawa watatu watatu katika makopo matatu yaliyooshwa kwa maji ya moto na sabuni, yakaanikwa juani. Nilifunika kila kopo kwa kitambaa chepesi. Kila asubuhi niliondoa kinyesi na majani ya jana, na nilinawa mikono kabla ya kuhama kutoka kopo moja kwenda jingine.

Siku ya sita, kiwavi mmoja wa kopo la pili aliacha kula. Nilimtambua mara moja, kwa maana mwili wake ulilegea kama wa yule wa kwanza. Nilimwinua pamoja na jani lake, nikampeleka jikoni. Mkono ulinitetemeka. Nilimtupa motoni, nikageuza uso. Bibi alikuwa amekaa kando ya moto akipeta ulezi. Alisema tu, "Sasa kanawe mikono." Wawili waliobaki niliwahamishia katika kopo safi. Mmoja wao alikufa siku iliyofuata. Wa tatu aliishi. Katika kopo la kwanza na la tatu hakufa hata mmoja.

Vipepeo saba walitoka katika pupa za kijani zenye madoa ya dhahabu. Nilimpeleka mmoja darasani, na mabawa yake yalipokwisha kukauka tulimwachia dirishani.

Mwanafunzi, usikosee maana ya habari hii. Mtu mgonjwa si kiwavi. Mtu hatupwi wala hakimbiwi. Hupelekwa hospitali au kituo cha afya, hutibiwa, na wanaomwuguza hujikinga kwa usafi. Lakini kanuni moja ni ya wote: maradhi ya kuambukiza huzuiwa mapema, yakiwa bado kwa mmoja.

MAMBO YA KUFUATA UNAPOFUGA VIWAVI

1. Fuga viwavi wachache, na kila chombo kiwe na wachache zaidi.
2. Anza na mayai au viwavi wadogo sana. Wakubwa huenda wamekwisha kutagiwa mayai na nzi, ambao mabuu yao huwala kwa ndani.
3. Wape majani ya mmea uliowakuta wanakula. Yakague na kuyaosha kwa maji safi, kisha yakung'ute yakauke.
4. Ondoa kinyesi na majani ya zamani kila siku. Tumia kitambaa au chandarua badala ya kifuniko cha bati, ili unyevu usikae ndani.
5. Kiwavi akilegea, akibadilika rangi au akiacha kula, mtenge papo hapo. Fahamu, hata hivyo, kwamba kiwavi anayejiandaa kujivua ngozi hutulia bila kula kwa muda mfupi; huyo mwangalie kwa makini kabla ya kuamua.
6. Waliokufa wateketezwe. Mwombe mtu mzima akusaidie kuwasha moto na kuchemsha maji.
7. Usimwachie huru kiwavi au kipepeo mgonjwa, asije akawaambukiza walio porini.
8. Usishike viwavi wenye manyoya, kwa kuwa baadhi yao huwasha sana.

MASWALI

1. Taja mambo matatu katika kopo la kwanza yaliyosaidia ugonjwa kuenea.
2. Eleza njia mbili ambazo maradhi hutumia kumfikia kiwavi.
3. Kwa nini Pasteur alichunguza mama badala ya kungoja mayai yaanguliwe?
4. Makopo ya mara ya pili yalitofautiana na kopo la kwanza kwa mambo zaidi ya moja. Ungependa kujua kama idadi peke yake huongeza vifo, ungepanga jaribio lako namna gani?
5. Waulize wazee wa kijijini kwako jinsi wanavyozuia ugonjwa wa mifugo usienee. Andika majibu yao katika daftari lako.