Kabla ya kukemea roho, angalia godoro



Wanaotafuta kazi tunawaombea kila Jumapili, na tutaendelea. Leo nasema na wewe uliyeajiri mtu, hata kama ni mmoja tu: dada anayekulelea watoto, kijana anayeendesha pikipiki yako, mama anayekuanikia omena ufuoni, msaidizi wako wa dukani. Usiseme, "Pasta, mimi si kampuni." Anayekungojea mwisho wa mwezi anakuita mdosi, na Wakolosai 4:1 inakuhusu.

Nimewahi kuombwa nikaombee nyumba ambayo wafanyakazi hawakai. Miezi miwili, mitatu, dada amefunga nguo zake ameenda. Nikaambiwa kuna roho mle ndani ya kufukuza watu. Nikauliza dada hulala wapi. Nikaonyeshwa godoro jembamba jikoni, kando ya mtungi wa gesi. Tuliomba, ndiyo, lakini kwanza tulizungumza kuhusu hilo godoro.

Fungua Ruthu sura ya 2 uisome polepole. Ruthu ni Mmoabu, mjane, mgeni kabisa, tena kabila lake na Israeli wana uhasama wa zamani. Boazi ndiye mwenye shamba. Anapofika kutoka Bethlehemu, jambo la kwanza ni kuwasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wanamjibu kwa baraka. Hajauliza bado wamefunga miganda mingapi! Kisha anawaonya vijana wasimguse yule msichana mgeni. Anamwonyesha maji ya kunywa yalipo. Wakati wa chakula anamwita karibu, anakula na wenzake mpaka anashiba na kubakisha. Sasa angalia mstari wa 23: Ruthu alikaa na watu wa Boazi mpaka mavuno ya shayiri na ya ngano yakaisha. Hakuna aliyemfunga kamba.

Sisi wa Migori na Homa Bay tunahitaji sura hiyo kuliko wengi. Kwenye duka moja la jumla utapata Mjaluo, Mkuria, Mkisii, Msomali na ndugu aliyevuka mpaka pale Isebania kutoka Tanzania. Kila mmoja ana jambo ambalo kwao halichezewi. Mjaluo akifiwa na mke wa baba mdogo, kwake hiyo ni maombolezo ya mama, na kukosa matanga ni aibu atakayoibeba miaka. Mwajiri aliyelelewa kwingine huona ni kisingizio tu. Muulize kwanza, kabla ya kumkata mshahara. (Na wewe mfanyakazi unayesoma hapa ukicheka, usimzike nyanya mmoja mara mbili. Tunahesabu.)

Au chukua Sabato. Ndugu zetu Wasabato walifungua kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, na leo ni wengi sana katika kaunti hizi mbili. Kuhusu siku, mimi na wao hatukubaliani. Lakini mfanyakazi wako akikuambia Jumamosi ni ya Bwana, mpe Jumamosi, naye akufungulie duka Jumapili ukiwa ibadani. Mbona ni rahisi hivyo? Mtu unayemlazimisha kuchagua kati yako na Mungu wake atafanya kazi kwa mikono tu, na siku akipata pengine ataondoka bila kukuaga.

Watu wa ziwa mtanielewa haraka. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa Kenya ili samaki wazaane. Tunanung'unika, maana tumbo halina msimu, lakini kila mvuvi anajua kwamba tukivua bila kupumzisha, siku moja tutavuta wavu mtupu. Sasa ikiwa omena anapewa miezi minne, huyo dada wa kazi ambaye tangu Januari hajapata hata siku moja ya kwenda kwao Karungu kumwona mtoto wake, yeye ni nini kwako? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi kumi na miwili. Hiyo haki haikuandikiwa walimu na watu wa kaunti peke yao.

Halafu mshahara. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inamtaja kibarua maskini, awe ndugu yako au mgeni katika nchi yako, na inaamuru alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, kwa sababu moyo wake unaungojea. Ndugu au mgeni! Wapo wanaowalipa watu wa kwao kwa wakati, na yule wa kabila lingine wanamwambia "ngoja ngoja" kwa sababu hapa mjini hana mjomba wa kumtetea. Mungu anaujua mchezo huo.

Kwa hiyo nasema wazi. Kama ndani ya bahasha yako ya fungu la kumi kuna mshahara wa mtu wa miezi miwili, usiilete madhabahuni. Mtumie kwanza M-Pesa yake, ndipo uje. Mweka hazina wetu ameshaniangalia vibaya kwa maneno haya, lakini nitayarudia Jumapili.

Jambo la mwisho. Sheria hiyo hiyo inataka kazi ya kuanzia miezi mitatu iwe na mkataba wa maandishi, na mfanyakazi asiyeielewa lugha iliyotumika aelezwe kwa lugha anayoielewa. Jumatano baada ya mafunzo ya Biblia nitabaki kanisani pamoja na mpendwa mmoja anayezijua hizi sheria, tuwasaidie kuandika. Njoo na jina kamili la mfanyakazi wako, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ukigundua hulijui, muulize leo jioni.