Maji ya Moto Didia

Ukitoka Shinyanga mjini kwa barabara ya Tinde utapita Didia kabla hujafika njia panda ya Nzega na Kahama. Ni nchi tambarare ya pamba, mpunga na ng'ombe wasio na haraka ya kuvuka barabara. Malori yaendayo upande wa migodi ya dhahabu hupita na kuacha vumbi.

Tulifika asubuhi ya mwezi wa saba, kipupwe kikiwa kikali. Tulikuwa wanne: wauguzi wawili na akina mama wawili wa kanisa ambao hutembelea wazazi waliojifungua. "Mwangaluka!" tulipokelewa, na uji wa moto ukafuata.

Tulikwenda kwa sababu ya mtoto. Mwaka uliotangulia, mjukuu wa miaka mitatu wa nyumba ile aligongana mlangoni na mtu aliyebeba sufuria ya maji ya moto kwenda bafuni. Tulimuuguza kwa wiki nyingi, na kovu limebaki begani. Mwenye nyumba, mama mjane anayeuza mchele, akaazimia kwamba maji ya moto yasibebwe tena ndani mwake. Lakini kuyaacha kabisa hawezi: yuko bibi mwenye maumivu ya viungo, na yuko mkamwana aliyejifungua majuzi.

Kuchemsha maji kwa umeme kungemgharimu mno. Akachagua kitu wanachokijua wazee: boila la Tanganyika. Ni pipa la chuma la lita 200, lililolazwa nje ya nyumba juu ya tanuru la matofali lenye dohani. Misheni na nyumba nyingi za zamani za Afrika Mashariki zililitumia. Maji baridi huingia chini ya pipa kutoka kwenye tenki lililoinuliwa kidogo. Yakipata moto huwa mepesi, hupanda, na hutoka kwa bomba la juu kwenda bafuni.

Pipa lilikuwa limekwisha kununuliwa, limetumika, kwa shilingi elfu thelathini tu. Fundi alikuwa amewasha mashine ya kuchomelea. Mwenzetu mmoja akalizungusha pipa, akaona karatasi iliyobanduliwa nusu. Ilibaki picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili.

"Umelipata wapi, mama?" tuliuliza.

"Kwa mfanyabiashara wa vitu vya migodini. Lakini ni ya kuogea tu, Nesi. Hatutayanywa."

Tulinyamaza kidogo, maana tuliijua thamani ya pesa ile kwa mjane. Hata hivyo tulisema ukweli. Katika uchenjuaji wa dhahabu hutumika sianidi, nayo ni sumu kali inayoweza kupita hata kwenye ngozi. Mapipa mengine hubeba dawa za kuulia wadudu wa pamba. Pipa lililobeba sumu halisafishiki kwa sabuni wala mchanga, na mtoto aogaye hunywa maji ya kuoga, tutake tusitake. Tena kulichomelea pipa bila kujua lilibeba nini ni kumhatarisha fundi, kwa kuwa mvuke wa mafuta uliobaki ndani huweza kulipuka.

Mama aliinamisha kichwa. Bibi, aliyekuwa akiota jua, ndiye aliyeamua: "Pesa imekufa. Watoto wapo." Pipa likatengwa mbali na kisima, na bwana afya akaitwa.

Lililofuata lilitoka kwa muuza mafuta ya kula, kwa bei mara mbili. Tulichangia kidogo. Fundi alilifua kwa maji moto na sabuni, akalijaza maji kabla ya kulikata. Tulisisitiza jambo moja: juu ya pipa kuwe na bomba la kupumulia, lipande kupita usawa wa maji ya tenki, libaki wazi daima. Pipa likifungwa kabisa juu ya moto, ni bomu. Na moto usiwashwe kabla ya kuhakikisha kwamba pipa limejaa.

Kuni je? Swali hili si dogo Shinyanga. Miti ilifyekwa miaka mingi ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, hata nchi ikabaki kipara. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowahimiza watu kurudia ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga yapumzike. Miti ikarudi katika maelfu ya hekta. Haitakuwa vyema boila letu liile tena. Kwa hiyo mama yule huwasha miti ya pamba, ambayo mkulima hutakiwa kuing'oa na kuichoma baada ya mavuno ili kuua wadudu, na matawi yaliyopogolewa katika ngitili yake. Huwasha mara moja tu, jioni, watu wote waoge mfululizo.

Jioni ile bibi alioga kwanza. Alikaa bafuni hata tukaanza kuitana. Akajibu kutoka ndani, "Niacheni, mayu, magoti yamekumbuka ujana!"

Akina mama wenzetu, mkitaka kufanya kama Didia, anzeni kwa kuuliza pipa lilibeba nini. Asiyejua asinunue. Maji ya boila ni ya kuoga na kufua, si ya kunywa. Bafuni tangulizeni maji baridi ndipo ya moto, mjaribu kwa kiwiko. Mtoto mchanga asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa. Na ajali ikitokea, mwagilieni palipoungua maji baridi safi kwa dakika 20, kisha mwende zahanati; dawa ya meno na mafuta msipake.

Tulipoaga, mjukuu alitusindikiza hadi barabarani. Mlangoni alipita akikimbia, na hakuna aliyemkataza.