Safari ya Maji kutoka Mzima hadi Mombasa

Msafiri aendaye Mombasa kutoka Nairobi kwa njia kuu, akiisha kupita Makindu na Kibwezi, huiona upande wake wa kuume safu ya milima ya Chyulu, yenye migongo ya mviringo iliyovikwa nyasi na misitu. Milima hiyo ilijengwa na volkeno, na mahali pengine mawe meusi, yaliyotiririka zamani kama uji wa moto, hayajaota majani hata leo. Hupata mvua na ukungu mwingi, lakini haina mto hata mmoja. Mvua ikinyesha, maji huzama mara moja katika majivu na mawe yenye matundu, yakaenda zake chini ya nchi, mahali pasipoonekana na mtu.

Hapo ndipo inapoanzia safari ya maji yanywewayo Mombasa. Mtu wa mjini afunguaye mfereji asubuhi hudhani maji yake yametoka tangini. Kumbe yametoka katika mawingu ya Chyulu, yakapita gizani muda wa miaka, yakichujwa na mawe yenyewe, kisha yakatokea juu tena yapata kilomita 50 kutoka milimani, mahali paitwapo Mzima.

Mzima imo katika mbuga ya Tsavo Magharibi, sehemu ya hifadhi iliyotengwa mwaka 1948. Anayeingia mbugani kwa lango la Mtito Andei hupita katika nchi kavu, yenye vichaka vya miiba na udongo mwekundu, hata akachoka kutazama. Ghafula huona mikuyu na mikindu imesimama kwa ubichi wake, na katikati yake madimbwi ya maji maangavu mno, hata samaki huhesabika. Viboko hukaa humo mchana kutwa, na mamba pia. Kimejengwa chumba chenye madirisha ya kioo chini ya maji, ili wageni wawatazame samaki wanavyopita. Chemchemi hizo hutoa maji zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Yakiisha kupita madimbwini, maji huzibwa na ukingo wa mawe ya volkeno, yakazama tena, kisha yakatokea na kuingia katika mto Tsavo.

Katika miaka ya 1950 liliwekwa bomba kubwa la kuyachukua baadhi ya maji hayo mpaka Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Mafundi hawakuyateka katika madimbwi ya viboko, bali waliyakamata yangali chini ya mawe, juu ya mahali yanapotokea, ili uzuri wa Mzima usiharibiwe. Chemchemi ziko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 600, na kwa sababu hiyo maji huteremka kwa uzito wake mwenyewe, bila ya kusukumwa na mashine. Maji hufuata mkondo, na mkondo huo hauna gharama ya mafuta wala ya umeme. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya bomba la Mzima, na msomaji aikumbuke, maana itarudi mbele.

Ili kuijua thamani ya kazi ile, yafaa kuifikiri nchi ambayo bomba hupita. Baada ya Voi huja Maungu, kisha Mackinnon Road, Taru na Samburu. Hii ndiyo nyika iliyowatisha wapagazi wa misafara ya zamani, kwa kuwa kisima kimoja kilikuwa mbali na kingine, na aliyekikuta kimekauka alikuwa hatarini kufa. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wajenzi waliteseka kwa kiu katika nyika ya Taru, ikawa lazima kuwaletea maji kwa gari la moshi. Na Mombasa yenyewe, ingawa imezungukwa na maji pande zote, ni kisiwa cha mawe ya matumbawe kisicho na mto. Wenyeji walichimba visima na kuweka akiba katika mabirika ya misikiti. Wareno nao walijenga birika la kukinga maji ya mvua ndani ya ngome yao ya Fort Jesus. Baadaye yaliletwa maji kwa bomba kutoka chemchemi ya Marere katika milima ya Shimba, nayo yakawa hayatoshi bandari iliyokuwa ikikua.

Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilikuta mji wa Mombasa una watu 179,575. Bomba la Mzima huweza kupitisha kama lita milioni 35 kwa siku. Kama maji hayo yote yangaligawanywa sawasawa kwa watu wa mwaka ule, kila mmoja angalipata karibu lita 195. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta Kaunti ya Mombasa ina watu 1,208,333. Maji ni yale yale, bali fungu la kila mtu sasa ni lita 29, yaani debe moja na nusu. Na hilo ni kama lisingevuja tone, wala Voi na miji mingine ya njiani isingenywa. Basi asishangae mgeni akiwaona mahamali wa Mombasa wakisukuma mikokoteni iliyojaa mitungi ya maji, wakiyauza mlango kwa mlango. Maskini asiye na mfereji ndiye anunuaye maji kwa bei ya juu kupita tajiri mwenye mfereji.

Si Mombasa peke yake yenye malalamiko. Watu wa Taita Taveta wamesema kwa miaka mingi kwamba chemchemi zimo katika nchi yao, na bomba hupita katika nchi yao, lakini vijiji vingi vya huko havina maji, na akina mama hubeba ndoo kichwani wakilikanyaga bomba lenyewe. Neno hilo ni zito, wala halijibiwi kwa kusema kwamba mji ni mkubwa. Ng'ombe akikamwa, ndama naye huachiwa chuchu.

Lakini Mombasa hupata maji ya Mzima kwa njia ya pili pia, ingawa si wengi wanaoitambua. Mto Tsavo, uliokwisha kupokea maji ya chemchemi, hukutana na mto Athi, na tangu hapo huitwa Galana. Galana hukata nyika kuelekea mashariki, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Kabla ya kufika baharini hupita Baricho, katika Kaunti ya Kilifi. Hapo pamechimbwa visima virefu katika mchanga wa kando ya mto, maana mto wenyewe una tope jingi sana, na mchanga huyachuja maji. Kutoka hapo yanasukumwa kwenda Malindi, Kilifi na sehemu za kaskazini za Mombasa.

Basi ndugu wawili waliozaliwa Mzima hukutana tena Mombasa. Mmoja amekuja kwa bomba, mwingine kwa mto. Aliyekuja kwa bomba ameteremka bure. Aliyekuja kwa mto hana budi kupandishwa kwa pampu, na pampu hula umeme usiku na mchana. Umeme ukikatika, au deni la umeme likichelewa kulipwa, mifereji ya miji mingi hukauka pamoja.

Si mbali na njia ya bomba la Baricho yako magofu ya mji wa kale wa Gede. Humo mna msikiti mkubwa, jumba la mfalme, vyoo vya mawe na visima vilivyojengwa kwa ustadi. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazodhaniwa na wataalamu ni kushuka kwa maji ya visima. Kisima kilicho karibu na msikiti mkubwa kilichimbwa tena na kuongezwa kina. Kuta za Gede zingali zimesimama, lakini maji yalipopungua, mawe hayakuweza kuwazuia wenyeji.

Kazi ya kuongeza maji ya pwani iko mikononi mwa shirika la serikali. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliunda bodi ya pwani, na Sheria ya mwaka 2016 ikaleta shirika la ujenzi wa miradi ya maji lililoshika mahali pake. Shirika hujenga mabwawa na mabomba makubwa, na kuyauza maji kwa jumla. Kampuni za kaunti huyanunua na kuyafikisha majumbani. Fedha nyingi zimekopwa kutoka Benki ya Dunia na nchi rafiki. Mradi mkubwa kupita yote ni bwawa la Mwache katika Kaunti ya Kwale, linalokusudiwa kutoa zaidi ya mita za ujazo 180,000 kwa siku, yaani zaidi ya mara tano ya bomba la Mzima. Tena kumekuwa na shauri la kulaza bomba la pili kutoka Mzima, kubwa kuliko lile la kwanza.

Shauri la bomba la pili lataka kupimwa kwa akili. Bomba la sasa huchukua kama sehemu moja ya sita ya maji ya Mzima. Yanayobaki si maji yaliyopotea. Ndiyo yanayowanywesha wanyama ambao wageni huja kuwatazama, na ndiyo yanayoutegemeza mto Tsavo wakati wa kiangazi, Athi inapopungua. Mkulima aliye kando ya Galana huyangoja, na visima vya Baricho huyangoja. Anayeongeza kikombe juu hana budi kuuliza nani atapunguziwa chini.

Liko na jambo jingine, ambalo husahauliwa katika hotuba za kufungua miradi. Kila debe la maji safi liingialo nyumbani hutoka kama debe la maji machafu. Huko Kipevu, upande wa bara magharibi mwa kisiwa, kiko kiwanda cha kusafisha maji taka. Katika kiwanda cha namna hiyo takataka huchujwa kwanza, kisha maji hutiwa hewa ili vijidudu vile visivyodhuru vile uchafu, ndipo yanapoachwa yatulie kabla ya kuruhusiwa kwenda baharini. Kazi hiyo ni njema, lakini kiwanda hakifai kitu kama mabomba ya kukiletea uchafu hayakufika majumbani, na nyumba nyingi za Mombasa hazikuunganishwa. Hutumia mashimo ya vyoo, na mashimo hayo yamechimbwa katika mawe yale yale ya matumbawe, yenye matundu kama sifongo, ambayo jirani amechimba kisima chake. Uchafu mwingine hushukia katika hori za Tudor na Kilindini, penye mikoko na samaki. Kipindupindu kimewahi kuujia mji huu zaidi ya mara moja, na hakiulizi nyumba ya tajiri wala ya maskini.

Kwa hiyo mtu akiulizwa maji ya Mombasa ni nini, asijibu kwamba ni bomba. Bomba ni katikati tu. Mwanzo wake ni msitu wa Chyulu, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Msitu ukichomwa kwa makaa na malisho, mvua haitazama polepole kama zamani, wala fundi hawezi kuitengeneza chemchemi iliyokufa. Mwisho wake ni bomba la maji taka, lisilozinduliwa kwa ngoma wala kupigwa picha. Na kati ya mwanzo na mwisho maji mengi hupotea: katika Kenya zaidi ya sehemu ya tatu ya maji yaliyosafishwa huvuja, au huibiwa, au hunywewa pasipo kulipiwa. Kuziba tundu moja la bomba kuukuu ni kupata maji bila ya kuinyima kaunti yoyote.

Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya maji haya ni milima ambayo wengi wa wanywaji hawajaiona. Serikali ikikopa fedha za bwawa, yapasa itenge na za msitu, na za vijiji ambavyo bomba huvipita, na za mabomba ya kuuondoa uchafu. Mwenye nyumba naye alipe ankara yake, maana ndiyo mshahara wa fundi na umeme wa pampu. Maji yanayozama leo katika Chyulu hayatanywewa kesho. Yatatokea Mzima baada ya miaka, na watakaoyanywa ni watoto ambao leo wamo shuleni.