Bonde la Kanawha: Mahali Sumu Inapoandikwa Daftarini

Mto Kanawha unateremka polepole kati ya milima ya West Virginia, jimbo la mashariki mwa Marekani. Milima hiyo imefunikwa na misitu hadi kileleni. Bonde lenyewe ni jembamba, na kwa sababu hiyo reli, barabara kuu, nyumba, makanisa, shule na viwanda vimebanana kwenye ukanda mmoja wa ardhi tambarare kando ya maji. Mtoto anayecheza uani mwao anaweza kuona minara ya kiwanda kama vile mtoto wa kijijini kwetu anavyouona mwembe wa jirani.

Mji mkuu wa jimbo ni Charleston. Msafiri huutambua kwa kuba la dhahabu la jengo la serikali, linalometameta juu ya mto. Katikati ya mji, mto mdogo uitwao Elk unaingia Kanawha. Mpenzi msomaji, ukumbuke mto huo, maana tutaurudia.

Utajiri wa bonde hili ulianza na chumvi. Katika karne ya 19 watu walichimba visima vya maji ya chumvi na kuyachemsha katika matanuri makubwa. Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri wa Wamarekani weusi, alilelewa katika kijiji cha Malden karibu na Charleston, na akiwa bado mtoto alifanya kazi kwenye matanuri hayo. Chumvi, makaa ya mawe na gesi ya ardhini ndivyo vilivyowavuta wenye viwanda vya kemikali. Mji wa Nitro, ulio chini zaidi ya mto, ulijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya kutengeneza baruti, na jina lake likatokana na kazi hiyo. Baadaye watu wakaliita eneo lote "Bonde la Kemikali". Kwa wengi jina hilo halikuwa la kejeli. Lilimaanisha mshahara wa baba, ada ya shule na nyumba ya matofali.

Kijiji cha Institute

Ukifuata mto kuelekea magharibi, kilometa kama 13 kutoka Charleston, utafika Institute. Ni mahali padogo penye historia nzito. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwenye shamba aliyeitwa Samuel Cabell aliishi hapa na Mary Barnes, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake, wakazaa watoto. Katika wosia wake Cabell aliwaachia mama huyo na watoto uhuru na ardhi. Ilikuwa ni katika ardhi ya ukoo huo kwamba mwaka 1891 jimbo lilianzisha chuo cha vijana weusi, na kijiji kikachukua jina la chuo. Leo chuo hicho ni West Virginia State University.

Jirani wa chuo ni kiwanda. Kilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kutengeneza mpira wa viwandani, na mwaka 1947 kikanunuliwa na kampuni ya Union Carbide. Humo ndimo ilimotengenezwa gesi iitwayo methili isosayaneti, au kwa kifupi MIC, ambayo hutumika kutengenezea dawa ya kuua wadudu.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi hiyohiyo ilivuja kutoka kiwanda cha kampuni hiyohiyo katika mji wa Bhopal, India. Maelfu ya watu walikufa na mamia ya maelfu wakadhurika. Akina mama waliamshwa na macho yaliyowaka kama yamepakwa pilipili, wakakimbia na watoto mgongoni bila kujua wakimbilie upande gani. Habari zilipofika Institute, watu walitazama minara ya jirani yao kwa macho mapya. Waliuliza swali ambalo kila mama angeuliza: Mle ndani mna nini?

Waliambiwa watulie. Lakini asubuhi ya Jumapili, tarehe 11 Agosti 1985, wingu la kemikali nyingine lilitoka katika kiwanda hicho cha Institute, na watu zaidi ya 130 walihitaji matibabu. Kampuni ilichelewa kutoa tahadhari. Wengine walijua kuna hatari kwa pua zao kabla ya kusikia king'ora. Wakazi waliunda kikundi, People Concerned About MIC, yaani Watu Wanaohofia MIC, wakaanza kudai majibu.

Sheria ya haki ya kujua

Tarehe 17 Oktoba 1986 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kupanga hatua za dharura na kuwapa wananchi haki ya kujua. Bhopal na Institute ndizo zilizoisukuma. Tutazame mambo mawili yaliyomo.

La kwanza ni orodha ya vitu vilivyohifadhiwa. Kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Machi, mwenye ghala au kiwanda huwapelekea maofisa wa jimbo, kamati ya dharura ya mahali pake na kikosi cha zimamoto orodha ya kemikali za hatari alizoweka, kiasi chake na mahali zilipo.

La pili ni daftari la sumu inayotoka. Kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Julai, viwanda vinavyohusika hueleza ni kilo ngapi za kila kemikali zilizoingia hewani, majini na ardhini, na ngapi zilipelekwa kutupwa kwingine. Kwa kawaida huhusika kiwanda chenye wafanyakazi 10 au zaidi, kinachotengeneza au kusindika zaidi ya kilo 11,000 za kemikali kwa mwaka, au kutumia zaidi ya kilo 4,500 kwa kazi nyingine. Kwa risasi, ile madini inayodhuru ubongo wa watoto, kiwango kimeshushwa hadi kilo 45 tu.

Taarifa hupelekwa sehemu mbili: Idara ya Kulinda Mazingira ya serikali kuu, na serikali ya jimbo. Isitoshe, sheria iliagiza daftari lote liwekwe kwenye kompyuta ili mtu yeyote aweze kulisoma. Kwa mwaka 1986 lilikuwa jambo geni sana. Taarifa za kwanza, za mwaka 1987, ziliwafikia wananchi mwaka 1989.

Kutoka karatasi hadi kompyuta

Kila mama anaifahamu kadi ya kliniki. Mtoto anapimwa uzito, muuguzi anaweka alama, na alama hizo zikiungwa unaona kama mtoto anapanda au anashuka. Lakini kadi hiyo ina faida pale tu inaposomwa. Ukiifungia sandukuni, au ukihamia mji mwingine ukaiacha nyuma, muuguzi mpya hana pa kuanzia.

Daftari la sumu lilikuwa na shida ya namna hiyo. Miaka ya mwanzo viwanda vilijaza fomu za karatasi, nakala moja ikaenda serikali kuu na nyingine jimboni. Makarani wakakaa na kuchapa tarakimu moja baada ya nyingine, kwa maelfu ya viwanda. Sifuri moja ikiongezeka kwa bahati mbaya, kilo 1,000 zinakuwa 10,000. Kazi ilichukua muda mrefu, na huenda nakala ya jimbo na ya serikali kuu zisilingane.

Ndipo taarifa zilipoanza kupelekwa kwa kompyuta. Mfumo wenyewe humwonya anayejaza akiacha nafasi wazi au akiandika tarakimu isiyoeleweka. Aidha, serikali kuu na majimbo walijenga njia ya kupashana taarifa. Kiwanda kilicho katika jimbo lililojiunga kinapotuma taarifa mara moja, nakala inafika jimboni yenyewe. Jimbo lisilojiunga hupelekewa nakala na kiwanda kama zamani. Kuanzia tarehe 21 Januari 2014, kutuma kwa kompyuta kukawa lazima, isipokuwa kwa taarifa chache zenye siri za biashara. Leo viwanda zaidi ya 20,000 nchini Marekani huandika katika daftari hilo kila mwaka.

Maji ya Januari 2014

Siku 12 kabla ya kanuni hiyo kuanza kazi, bonde la Kanawha lilipata funzo jingine.

Sasa turudi kwenye Mto Elk. Asubuhi ya tarehe 9 Januari 2014, watu wa Charleston walisikia harufu tamu hewani, kama ya peremende. Wakapiga simu kulalamika, na wakaguzi wakaifuata harufu hiyo hadi kwenye matangi ya kampuni ya Freedom Industries kando ya mto. Tangi moja lilikuwa limetoboka. Karibu lita 38,000 za kemikali ya kuoshea makaa ya mawe, MCHM, zilimwagika. Kilometa mbili na nusu chini ya hapo ndipo lilipokuwa bomba la kuvutia maji ya mji.

Jioni likatoka tangazo: msinywe, msipike, msioge, msifue. Watu wapatao 300,000 katika wilaya tisa walibaki na maji ya kuvuta choo na kuzima moto tu. Ebu fikiri, mama mwenye mtoto wa chupa, na maji ya bomba hayawezi hata kuoshea chupa hiyo! Siku chache baadaye, amri ilipokwisha kuanza kuondolewa mtaa kwa mtaa, wataalamu wa afya wa serikali walishauri wajawazito waendelee kunywa maji ya chupa. Wengi waliuliza: Na wale tuliokwisha kunywa je?

Linaloumiza moyo zaidi ni hili. MCHM haikuwa katika orodha ya daftari la sumu, kwa hiyo huko isingeonekana. Lakini katika ile orodha ya vitu vilivyohifadhiwa, ilikuwamo. Mwezi Februari 2013, karibu mwaka mzima kabla ya ajali, kampuni ilikuwa imewapelekea maofisa taarifa kwamba ina kemikali hiyo, na mahali ilipo. Taarifa ilipokelewa na ikawekwa. Hakuna aliyekaa na watu wa maji kupanga: Hii ikimwagika, tutafanya nini? Kadi ilijazwa, ikafungiwa sandukuni.

Mwaka huohuo wa 2014 jimbo lilitunga sheria ya kuandikisha na kukagua matangi. Mwaka 2015 sheria hiyo ikalegezwa. Ndiyo maana wakazi wa bonde husema kazi ya kufuatilia haiishi.

Daftari linapofunguliwa

Lakini tusiseme kwamba tarakimu hazina faida. Ethilini oksaidi ni gesi inayotumika kutengenezea bidhaa nyingi na kusafishia vifaa vya hospitali. Kwa kiasi kidogo pua haiwezi kuihisi. Mwaka 2016 wataalamu wa serikali kuu walitangaza kwamba nguvu yake ya kuleta saratani ni kubwa mara nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2018 wakachapisha ramani ya nchi nzima, iliyochanganya elimu hiyo mpya na taarifa za gesi zinazotoka viwandani. Institute na South Charleston zikaonekana miongoni mwa mahali penye hatari iliyozidi.

Hakuna king'ora kilicholia wala wingu lililoonekana. Taarifa za miaka zilizokusanywa pamoja ndizo zilizosema. Baadaye maofisa wa serikali kuu na wa jimbo walifanya mikutano na wakazi, na mwaka 2022 jimbo likapima hewa ya mahali hapo. Na ile MIC, iliyoanzisha habari yote? Mwaka 2008 mlipuko katika kiwanda cha Institute, wakati huo kikiwa mali ya Bayer, uliwaua wafanyakazi wawili, si mbali na tangi la gesi hiyo. Mwaka 2011 Bayer iliachana na MIC. Wakazi walikuwa wameuliza kwa zaidi ya miaka 25.

Jinsi ya kulisoma

Ikiwa una binti, dada au shemeji anayeishi Marekani, mweleze kwamba daftari hilo ni bure. Ataandika namba ya posta ya mtaa wake, na ataona viwanda vilivyo karibu na kemikali zake. Hata wewe uliye Mwanza au Nairobi unaweza kufungua ukurasa wa Institute ukausoma.

Ila alisome kwa akili. Kilo nyingi si lazima ziwe hatari kubwa: kilo moja ya kitu kikali hupita kilo elfu za kitu hafifu. Tarakimu nyingi ni makadirio ya kampuni yenyewe, si vipimo vya mkaguzi. Viwanda vidogo na kemikali zisizo katika orodha havimo. Tena, kuandikwa daftarini si kosa; nyingi ya sumu hizo hutolewa kwa ruhusa ya sheria. Daftari halihukumu. Linampa mama swali la kuuliza, akijua anachouliza: Kwa nini mwaka huu zimeongezeka? Nani mwingine amepewa taarifa hii? Zikimwagika, mpango wetu ni upi?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wa Kanawha wamejifunza upande wa pili wa methali hiyo: hata maradhi yaliyoandikwa huua, kama karatasi haikumfikia anayechota maji.