Vyombo vya Chumba cha Giza

Wahenga walisema kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii niliifundisha darasani miaka mingi kabla haijanifundisha mimi.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga picha mjini Nakuru. Nyuma ya duka lake palikuwa na chumba kidogo kisichoingia mwanga ila ule wa taa nyekundu. Humo nilisimama kando yake, mtoto mdogo, nikitazama karatasi tupu ndani ya sinia la dawa. Kwanza hapakuwa na kitu. Mara likatokea jicho, kisha paji la uso, kisha mtu kamili. Karatasi ile imepakwa chumvi za fedha. Dawa ya kwanza hugeuza fedha nyeusi zile zilizopigwa na mwanga. Ya pili, kali kama siki, huizuia ya kwanza. Ya tatu huyeyusha chumvi zilizosalia, ili picha isiharibike.

Baba alipofariki nilirithi mashine ya kukuzia picha, kamera, masinia matatu, taa na karatasi. Nikaviweka uvunguni miaka kumi na miwili, nikidhani namheshimu. Siku moja mwanafunzi wangu aliniomba vyombo hivyo kwa ajili ya chama cha sayansi cha shule. Nikamjibu, "Nitafikiri." Nilifikiri mwezi mzima, na nilichokiona moyoni kilinitia haya: kilikuwa choyo kilichovaa kanzu ya heshima. Nikampa.

Lakini si kila kitu hutolewa. Dawa zilikuwa zimegeuka rangi kama chai ya rangi, na majina kwenye chupa yalikuwa yamefutika. Zawadi iwezayo kumdhuru apewaye si zawadi. Nilitaka kuzimwaga mtaroni, nikakumbuka kuwa maji ya mji wetu huteremkia Ziwa Nakuru, nalo ni ziwa lisilo na mto utokao. Maji yake hupanda angani kwa jua, lakini sumu iliyoingia hubaki. Fedha iliyoyeyuka katika dawa kuukuu huua viumbe wadogo wa majini, na kwa viumbe wadogo hao heroe hupata riziki. Nikazifunga chupa, nikamkabidhi mwalimu wa kemia aziondoe kwa njia ya salama.

Palikuwa pia na kasha la filamu zenye nyuso za watu nisiowajua, waliokuja kupiga picha za vitambulisho na za arusi. Hizo sikuzitoa. Baba aliwekewa amana tu, na amana si mali ya mrithi.

Dawa mpya zingali zinauzwa, maana viwanda vya Uingereza na kwingineko bado huzitengeneza. Tukachanga, tukanunua. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu, kwa kuwa karatasi ilikuwa imezeeka. Hata hivyo uso ulionekana. Nikiwa nje ya mlango nilimsikia yule mwanafunzi akiwaonya wenzake: "Msifungue mlango, picha haijaiva!" Yalikuwa maneno ya baba yangu, nami sikukumbuka kuwa nilipata kumfundisha.

Nawe msomaji, inama utazame uvunguni mwako. Huenda limo jambo la mzee wako ambalo vumbi linalirithi mahali pa watu.