Nati ya Reli si Hereni, Mshikaji!

Wapenzi wa pamba, kuna staili inaitwa stimupanki. Kama hujaiona, ni hivi: jamaa kapiga kizibao na kofia ndefu nyeusi, shingoni kaning'iniza gia za saa ya mfukoni, na miwani ya fundi wa kuchomelea kaipandisha kwenye paji la uso. Anaigiza enzi za injini za mvuke, karne ya 19. Jina lenyewe lilibuniwa mwaka 1987 na mwandishi wa hadithi wa Marekani, K. W. Jeter, halafu mafundi nguo na masonara wakalidaka. Siku hizi hereni za gia zinavaliwa hata na mtu asiyejua treni ya mvuke inafananaje.

Mimi staili hii nimeenda nayo Ifakara, kwenye bonde la Kilombero, nchi ya mpunga, miwa na baiskeli. Kule chuma hakijawa pambo, bado kinapiga kazi. Chini ya mwembe fundi baiskeli ana kopo limejaa gololi, spoku na friwili kuukuu. Nikachukua friwili moja iliyolika meno, nikaiweka sikioni. Fundi akacheka mpaka akakaa chini, kisha akainyakua. Bwana we, ile ilikuwa na mteja!

Msidhani lakini mapambo ya mashine tumeletewa juzi. Reli ya Uganda ilipofika kwa Wanandi, kule Kenya, karne ya 20 ikianza, vijana walikata nyaya za telegrafu wakajitengenezea bangili, na bolti za reli wakafulia silaha. Stimupanki ya kweli hiyo, treni yenyewe ikitoa moshi! Ila haikuwa mchezo wa kuigiza. Ilikuwa vita, na Oktoba 1905 Waingereza walimuua kiongozi wao, Koitalel arap Samoei. Mwaka huohuo Wapogoro na Wambunga wa bonde hili la Kilombero walikuwa wanapigana na Wajerumani katika Maji Maji.

Sasa tazama reli inayopita Ifakara. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kwa jasho la Wachina, Watanzania na Wazambia. Hii haikuletwa na mkoloni. Ni yako na yangu. Gunia la mchele wa Mlimba, mwanafunzi anayerudi shule, mama mwenye mtoto mgongoni, wote roho zao zimeshikwa na vyuma vidogo vinavyobana reli. Na vyuma hivyo vinaibwa, vinauzwa kama chakavu. Sista, ukiletewa pete nzito ya nati, uliza kwanza imetoka wapi.

Kama unataka kutesa, mwangalie Cyrus Kabiru wa Nairobi. Anaokota waya na mabati yaliyotupwa, anatengeneza miwani ambayo imeonyeshwa mpaka Ulaya na Marekani. Ifakara nayo haikosi mali ya namna hiyo: saa iliyokufa, spoku iliyopinda, waya wa shaba wa mota iliyoungua. Mpe fundi hela yake akutengenezee bangili, vaa na kitambaa kilichofumwa kwa mkono palepale Ifakara, uone kama mtaa hautageuka.

Nati ya reli iache relini. Wenzako wako njiani.